Unakwenda kusoma kwa lugha gani?



Majuma matatu yaliyopita mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari alikuja kwangu pamoja na baba yake. Baba alikuwa tayari kuuza kiwanja ili mwanawe aende kusoma Ulaya. Nilimwuliza kijana: «Unakwenda mji gani?» Akajibu: «Leuven, Mwalimu, kule Ubelgiji. Babu alituambia ndiko walikosomea wasomi wetu wa kwanza.» Nikamwuliza tena: «Na huko wanafundisha kwa lugha gani?» Akanitazama kwa mshangao. «Si Kifaransa? Si Ubelgiji?»

Babu hakusema uongo. Thomas Kanza, anayetajwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata Leuven mwaka 1956. Siku zile chuo kile kilifundisha kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi katika mji mmoja. Lakini mwaka 1968, baada ya ugomvi mkali wa lugha ambao hata serikali ya Ubelgiji ilianguka kwa ajili yake, iliamriwa chuo kigawanywe. Wale wa Kifaransa walijengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve, na wanafunzi wa kwanza walianza kusoma huko mwaka 1972. Leuven ya kale imebaki na Kiholanzi, na siku hizi Kiingereza pia kwa masomo kadha wa kadha. Basi kijana wetu alikuwa akijitayarisha kwenda penye lugha asiyojua hata neno moja.

Mtu atasema: chuo kisingempokea bila cheti cha lugha. Ni kweli. Lakini kabla ya jibu la chuo kufika, fedha za hati, za maombi, na za wale wapatanishi wanaoahidi kila kitu, zingalikuwa zimekwisha liwa, na kiwanja kingalikuwa mikononi mwa mwingine. Afadhali kuuliza habari ya lugha kwanza, maana swali hilo halilipiwi. Nchi za Ulaya hupima lugha kwa ngazi sita, kutoka A1 mpaka C2, kwa utaratibu uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Vyuo vingi huomba B2 angalau. Mwenye A2 ataweza kununua mkate na kuuliza njia, lakini akiketi mbele ya profesa anayesema saa mbili bila kupumzika, atatoka mikono mitupu.

Wako wanaodhani kwamba lugha hujifunzwa kwa kufika. «Nikiwa huko nitaizoea.» Mimi siwasadiki, na mwenye kunisaidia ni mtu wa kwetu. Stefano Kaoze alizaliwa katika nchi ya Watabwa, upande wa ziwa Tanganyika. Mapadri Weupe walimfundisha Kilatini na Kifaransa. Alipokuwa angali mseminari, bila kuiona Ulaya, aliandika kwa Kifaransa juu ya mawazo na desturi za watu wake, na maandishi yake yakachapwa katika gazeti la wataalamu la Ubelgiji mwaka 1910 na 1911. Alipadrishwa Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, mwaka 1917, naye akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Ulaya aliiona miaka mitatu baadaye, pamoja na Askofu Roelens. Tazameni mfuatano wake: lugha ilitangulia, safari ikafuata. Tena lugha ya kigeni hakuitumia kwa kujivuna mbele ya wazee wake. Aliitumia kuwaeleza wazee hao kwa watu wasiowajua.

Hapo nina neno kwa wale waliokwisha kwenda. Mama mmoja aliniletea simu yake nimsomee ujumbe wa mwanawe aliye ng'ambo. Ulikuwa Kifaransa kitupu, kizuri sana. Nilimfasiria maneno ya mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe, naye alisikiliza huku akitazama chini. Kijana yule hakukusudia ubaya, nadhani. Alisahau tu anamwandikia nani.

Na ninyi mnaosema vichwa vyenu ni vigumu kwa lugha, sikubali. Mtoto wa Bukavu husema Kishi na nyanya yake, Kiswahili sokoni, Kifaransa darasani. Tangu utotoni anajua bila kufundishwa kwamba kiti ni kizuri na mti ni mzuri. Mwenye kuweza hayo ataogopaje *le* na *la*? Kazi iliyobaki ni ya kila siku: kusoma kwa sauti, kuandika ukurasa mmoja, na kumpa mwingine ausahihishe bila huruma.

Faida ya kusoma ng'ambo haina haja ya kutetewa sana. Mwaka 1960 nchi yetu ilipata uhuru ikiwa na wenye shahada za chuo kikuu wasiozidi thelathini, na taabu iliyotokana na hayo wazee wanaikumbuka. Leo tuna vyuo vyetu wenyewe. Lakini yako masomo ambayo vyombo vyake viko mbali, na mwenye kuyafuata kwa haki asizuiwe.

Basi, baba na mwana waliondoka bila kukata shauri. Baba alikuwa na uchungu kidogo, kwani mnunuzi alikuwa amekwisha kuonekana. Siku ya nne kijana alirudi peke yake na daftari. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja kwa Kifaransa juu ya babu yake: jinsi alivyovua samaki ziwani, na jinsi alivyokataa kuogopa radi. Nilihesabu makosa kumi na tisa. Amesema ataleta ukurasa mwingine Alhamisi. Kiwanja bado hakijauzwa.