Pombe ya Ulezi Ufipa: Mpika Pombe Afundishwe, Asifukuzwe

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, mtu anayetengeneza bia kidogo kidogo kwa nafaka ya kwao huheshimiwa kama fundi. Wageni humtembelea, na bia yake huuzwa ghali kuliko ya kiwanda kikubwa. Katika uwanda wa Ufipa, mwanamke anayefanya kazi hiyohiyo kwa ulezi huhesabiwa miongoni mwa kero za mji. Hukumbukwa siku ya ushuru na siku ya msako, kisha husahaulika. Kusahaulika huko kuna gharama kwa afya ya watu wengi.

Ulezi ni nafaka ya zamani katika nyanda hizo zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wafipa waliulima juu ya matuta ya duara yaliyofukiwa majani ili yaoze na kurutubisha udongo, na pombe yake ilikuwa shukrani kwa majirani waliokuja kusaidia kulima. Kimpumu, kama pombe hiyo ijulikanavyo katika mikoa ya kusini magharibi, bado hunywewa harusini, msibani na vilabuni. Kwa mjane au mama asiye na shamba la kutosha, pipa moja la pombe ndilo ada ya shule na ndilo chumvi ya nyumbani.

Kitaalamu, kazi hiyo si rahisi. Nafaka hulowekwa, huoteshwa kwa siku kadhaa hadi iwe kimea, huanikwa, husagwa, hupikwa na kuachwa ichachuke. Kila hatua ina mlango wake wa hatari. Hatua ya kuotesha huiweka nafaka katika unyevu na joto, hali ambayo kuvu huipenda. Kuanika juu ya ardhi tupu huongeza uchafu. Aidha, mahindi yameenea sana Rukwa na mara nyingi huchanganywa na ulezi. Katika sehemu nyingi za Afrika zinazolima mahindi, yale yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa ugali, hutengwa yapikiwe pombe. Hapo ndipo penye kosa kubwa, kwa kuwa sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni, wala kuchachuka hakuimalizi.

Tanzania ina sababu ya kuiogopa sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki dunia. Hao walipatwa na sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayeipata kidogo kidogo kwa miaka mingi hukabiliwa na saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002, hivyo wengi wa watu wazima wanaokaa vilabuni leo hawakuipata utotoni.

Yaliyotokea Msumbiji nayo yanastahili kukumbukwa Sumbawanga. Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na aliyeipika alikuwa miongoni mwa waliokufa. Uvumi wa mwanzo ulisema kwamba mtu mwenye chuki aliitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria walioota katika unga wa mahindi ulioharibika. Hapakuwa na adui. Palikuwa na unga mbovu.

Somo hilo lina uzito wa pekee katika mji ambao nchi nzima huutania kwa uchawi, na ambao wenyeji husimulia kuwa jina lake lina maana ya kuutupa uchawi. Mnywaji anapofariki ghafla, ni rahisi minong'ono kumwendea bibi kizee wa jirani. Jamii isiyojua habari za unga hutafuta mkosaji miongoni mwa watu, na tukio la pili hukuta ghala likiwa vilevile.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha mpika pombe ni kuubariki ulevi. Hoja hiyo haipuuzwi. Tangu mwaka 1988, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekitambua kilevi kuwa chanzo cha saratani, na ulezi wa asili haukiondolei kimpumu sifa hiyo. Mama mjamzito hapaswi kukinywa, na mtoto hapaswi kuonjeshwa. Lakini wanaokunywa leo watakunywa kesho. Msako humwaga pipa moja na kulihamisha la pili nyuma ya nyumba, mahali ambapo bwana afya hafiki. Sheria yenyewe hutofautisha mambo: gongo isiyo na kibali ni haramu, ilhali pombe ya kienyeji inatambuliwa na kuwekewa utaratibu wa leseni tangu Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Leseni ingeweza kuwa darasa badala ya risiti tu.

Darasa lenyewe si refu. Nafaka ichambuliwe, na iliyoota ukungu itupwe, isipewe kuku wala isipelekwe kilabuni. Kimea kianikwe juu ya turubai safi hadi kikauke kabisa. Unga ulionyeshewa usitumike. Mapipa yaliyobeba mafuta au dawa za mashambani yasiguswe, na ya chuma tupu yaepukwe, maana kusini mwa Afrika pombe iliyochachushiwa humo imewajaza wanywaji madini ya chuma mwilini hadi kuharibu maini. Maji ya kuzimulia yawe yamechemshwa.

Halmashauri zina maafisa afya, zina maafisa kilimo, na zina mikopo ya vikundi vya wanawake. Hao wakikutana na wapika pombe kabla ya mavuno ya kila mwaka, wakiwa na turubai na maelekezo mkononi, watakuwa wamelinda maini mengi kuliko yanayoweza kutibiwa hospitalini. Mgonjwa wa saratani ya ini mara nyingi hufika kwa daktari akiwa amechelewa. Mahindi yenye ukungu huonekana mapema, na wa kwanza kuyaona ni yule mama mwenye ungo.