"Ni Mbwa Tu" Ndiyo Inaua Mbwa Wetu

Watu wangu wa Shianda, leo nitawakasirisha na siombi msamaha.

Wiki jana niliweka picha ya jike langu, Chui, amevaa ndoo shingoni. Alikuwa ametoka kufungwa kizazi. Mkacheka sana. Mmoja akaandika, "Si ni mbwa tu, achana naye atapona." Hapo ndipo tutagombana.

Mimi pia nilikuwa wa "ni mbwa tu". Tulikuwa na dume, Simba. Jirani akaja na wembe na kamba, akamhasi nyuma ya nyumba bila dawa ya usingizi. Tukapaka kidonda majivu, tukamwachilia alinde kuku. Siku ya tano alikuwa ananuka. Siku ya saba kidonda kimejaa mabuu. Kukhu akampikia uji, akakataa. Tulimzika kando ya miwa na kila mtu akasema ni bahati mbaya. Bahati gani? Tulimuua sisi.

Enyewe sheria iko. Kumtesa mnyama ni kosa Kenya, Sura ya 360. Na tangu 2011 kuna sheria inayotaka daktari wa mifugo awe amesajiliwa. Mwulize namba yake. Asiye nayo, mwambie aende na wembe wake.

Lakini hata daktari mzuri hawezi kukuokoa na uzembe wako. Upasuaji ni kazi ya muda mfupi. Siku kumi hadi kumi na nne zinazofuata ni zako wewe.

Kazi inaanza usiku wa kuamkia upasuaji. Daktari akisema mbwa asile, asile! Usimwonee huruma asubuhi na ugali wa jana. Akiwa chini ya dawa ya usingizi anaweza kutapika, chakula kiingie kwenye mapafu, na umempoteza mezani. Halafu utasema daktari ni muuaji.

Akirudi nyumbani bado amelewa dawa, na mwili unapoteza joto. Usimlaze kwenye simiti wala juani. Gunia safi, chumba kimetulia, mbali na mbwa wengine. Maji kidogo kidogo, chakula kidogo akiamka vizuri. Asiruke, asikimbizane na boda, asioshwe. Asilambe nyuzi, ndiyo maana ya ile ndoo mliyoicheka: ni ndoo kuukuu, nimekata kitako, nikafunga kingo na kitambaa.

Angalia kidonda kila siku. Ukiona kinavimba, kinatoa usaha au damu, kinanuka, au mbwa amekataa chakula siku ya pili, piga simu. Usipake majivu, chumvi wala oili chafu ya pikipiki. Na dawa zako za maumivu kaa nazo. Brufen inaweza kumharibu mbwa figo na tumbo, na Panadol inaua paka.

Najua mtasema hatuna pesa. Sawa, daktari ni gharama, sikatai. Lakini niambieni, kumnyima mbwa chakula cha jioni ni shilingi ngapi? Gunia safi je? Kuangalia kidonda dakika mbili? Hii haihitaji pesa wala digrii, mimi mwenyewe niliacha chuo.

Na nyinyi madaktari mnaotukabidhi mnyama anayeyumba, mnachukua pesa na kuwasha pikipiki, hamjamaliza kazi. Tuelezeni, kwa Kiswahili au Kiluhya, na mtuachie namba ya simu.

Mbwa huyu analala nje kwenye baridi ndiyo wewe ulale ndani. Akibweka saa nane usiku, unaamka ukiwa bado na kuku na ng'ombe. Kwa hiyo ukishindwa kumlinda yeye kwa siku kumi na nne tu, usiniambie ni mbwa tu. Sema ukweli: ni wewe tu.

Chui ametolewa nyuzi jana. Haya, chekeni sasa.