Bima Inayosubiri Bibi Aanguke

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo Katiba Mpya na Tume Huru. Najua, najua, mtanipigia kelele. Lakini kuna kitu kinawamaliza wazee wetu huku milimani na hata sisi tunaojiita sauti ya wanyonge hatujakisemea.

Bibi yangu anakaa Mulala, juu kule ukipandisha kutoka Tengeru. Mwalimu mstaafu. Ana presha, ana sukari. Mara moja kwa mwezi anashuka kliniki: anatoka alfajiri, bodaboda mpaka lami, kisha Hiace. Anapimwa mara moja, namba inaandikwa kwenye daftari, anapewa dawa, anarudi. Mwezi una siku 30, presha ya bibi inajulikana siku moja. Na hiyo siku moja yenyewe anapimwa akiwa ametikiswa na pikipiki, hajanywa chai, na foleni imemchosha. Hapo namba inasema nini?

Mwaka jana binamu yangu alimkuta sakafuni jikoni, mdomo umepinda, mkono wa kulia hausogei. Kiharusi. Na hapo ndipo bima ikaamka! Kulazwa ikalipa. Picha ya kichwa ikalipa. Dawa, mazoezi ya viungo, ikalipa. Sina ugomvi na hilo, nashukuru. Ila siku ya kuruhusiwa daktari akasema, "Huyu apimwe nyumbani kila siku, presha na sukari." Nikauliza mashine tunazipata wapi. Akanitazama kwa huruma tu.

Nilizipata duka la dawa mjini. Ya presha elfu 65. Ya sukari elfu 45. Kikopo cha stripu 50 elfu 30, na bibi anapima mara mbili kwa siku, kwa hiyo baada ya siku 25 kikopo kimeisha. Piga hesabu ya mwaka: zaidi ya laki nne, stripu peke yake. Halafu kumbukeni kwamba CHF iliyoboreshwa, ile bima ya wakulima, kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia 30,000 kwa mwaka mzima. Yaani kikopo kimoja cha stripu kilikuwa bima ya familia nzima. Mkulima wa kahawa wa Poli au mama muuza ndizi wa soko la Tengeru, huyo atamnunulia mama yake mashine kwa hela ipi?

Tatizo si roho mbaya ya mhudumu wa dirishani. Tatizo ni namna mfumo ulivyojengwa. NHIF inalipa kituo kilichosajiliwa, kwa huduma iliyofanyika ndani ya kituo. Kituo kinajaza madai, mfuko unalipa. Mgonjwa akishavuka geti kurudi kwake, kwenye hesabu hayupo mpaka aletwe tena amebebwa. Machi mosi 2024 kitita kipya kilipoanza, hospitali binafsi zikagoma kupokea kadi, nchi ikatikisika. Ugomvi ulikuwa bei: nani alipwe shilingi ngapi. Sikusikia waziri wala mwenye hospitali akiuliza mzee anarudi nyumbani na nini mkononi.

Wasio na kadi wanaambiwa wana Sera ya Afya ya 2007: mzee wa miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bure. Na mabango ya "Mzee Kwanza" yapo. Bure hiyo inaishia mlangoni.

Wataniambia hivi ni vitu vya Wazungu. Ni kweli wao wanafanya. Uingereza wakati wa korona, NHS iligawa mashine za presha wagonjwa wapime majumbani. Marekani, bima ya wazee inachangia kipima sukari na stripu zake. Sawa, hao wana hela. Basi tuje hapa hapa: Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapewa pensheni, ilianza na 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi. Ni serikali ya CCM hiyo hiyo! Kumbe wakitaka, wanaweza.

Hela? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 imetaja yenyewe vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo: soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Vijana, ile mikeka yenu inayochanika kila Jumamosi pale Ngarenaro ina kodi ndani yake. Angalau imnunulie bibi stripu.

Kuna hoja moja naiheshimu: mashine feki zimejaa mtaani, na mzee anaweza kusoma vibaya. Ndiyo maana tunataka Bohari ya Dawa inunue kwa wingi, zilizopitishwa na TMDA, bei ishuke. Na serikali Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Kila mmoja apewe mashine ya presha na orodha ya wazee wa kitongoji chake. Wenye sukari wanaochoma insulini, stripu ziingie kwenye kitita, wachukue pamoja na dawa. Tunadai hilo tu. Hatujaomba ndege.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulishafanyika Novemba 2024. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka juu ya kitita, nakubali. Lakini ana mkutano mkuu wa kijiji na ana muhtasari unaopanda halmashauri. Wenzetu wa Meru na Arusha Jiji, liingizeni hili kwenye kila mkutano, liandikwe. Wazee hawa ni watoto wa Wameru waliochanga senti zao kumpeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi. Hawakuambiwa na mtu kwamba Umoja wa Mataifa uko mbali.

Jana jioni bibi alisoma 158 kwa 94. Tumempigia daktari, dawa imeongezwa. Stripu zimebaki nane, na mshahara wangu unatoka wiki ijayo.