Kwa Nini Tawi la Mkarafuu Lisivunjwe

Watu wengi wakiulizwa karafuu ni kitu gani, hujibu kwamba ni tunda. Na wengine husema kwamba ni mbegu. Majibu hayo yote mawili si sahihi. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Wala kosa hili si dogo katika kisiwa cha Pemba, ambako mti huu umelisha nyumba nyingi. Maana mtu asiyejua anachokichuma hajui pia anachokiharibu.

Mwanafunzi na achukue karafuu moja kavu, airoweke katika maji ya moto hata ilainike, kisha aipasue katikati kutoka juu mpaka chini. Juu ataona kidonge cha mviringo: hizo ni petali nne, zimefungamana kama kofia. Chini ya kofia hiyo zimejikunja nyuzi nyingi nyembamba. Nazo ni stameni, zichukuazo unga wa ua uitwao chavua. Yale meno manne yaizungukayo kofia ni sepali. Na ndani ya kile kijiti cha karafuu, karibu na juu, mna chumba kidogo sana kiitwacho ovari, ndiyo nyumba ya mbegu ijayo. Aliyekwisha kuona haya kwa macho yake hatasema tena kwamba karafuu ni tunda.

Ua hili likiachwa mtini, kofia huanguka na stameni hutokeza nje. Nyuki na wadudu wengine huja kutafuta chakula, nao huchukua chavua kutoka ua hili hata ua lile. Na pengine chavua huanguka katika ua lile lile lililoizaa. Ikiisha kuifikia ovari, mbegu huanza kukua, na ua huwa tunda la rangi ya zambarau iliyoiva, ambalo kwa kawaida lina mbegu moja. Hivyo ndivyo mkarafuu uzaavyo.

Miti ya mwituni ina wapanzi wake. Katika msitu wa Ngezi, kaskazini ya kisiwa, popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani, hula matunda usiku na kuziangusha mbegu mbali na mti mama. Lakini mkarafuu wa shambani humtegemea binadamu, kwa sababu karibu maua yake yote huchumwa kabla hayajawa matunda. Basi yeye achumaye ndiye pia apasaye kuutunza mti.

Na mti hutunzwaje? Yafaa kwanza kujua jinsi ulivyojengwa. Mizizi hunywa maji na chumvi za udongo. Maji hayo hupanda kwa njia ya sehemu ngumu ya ndani ya shina mpaka majanini. Jani ni jiko la mti: kwa nguvu ya mwanga wa jua huchanganya maji na hewa ya kaboni, likapika chakula. Chakula hicho huteremka kwa njia ya upande wa ndani wa gome, kikalisha shina na mizizi. Jani likiondolewa, jiko limezimwa. Gome likichubuliwa, njia imekatwa.

Tena mti haurefuki kama kamba ivutwavyo. Alama ikatwayo katika shina kwa kimo cha mtoto itabaki kwa kimo kile kile hata mtoto yule awe mzee. Shina hunenepa kwa utando mwembamba ulio kati ya gome na sehemu ngumu ya ndani. Bali kurefuka hufanyika katika ncha za matawi. Na katika ncha hizo hizo ndimo mkarafuu utoamo vishada vya maua yake.

Kwa hiyo mchumaji avunjaye tawi hufanya hasara tatu kwa mara moja. Huyaondoa majani, yaani jiko. Huiondoa ncha, ambayo ingechipua na kutoa maua ya miaka ijayo. Na mahali palipovunjika huacha kidonda, ambacho kuvu wa magonjwa wanaweza kuingia na kuukausha mti. Karafuu za tawi hilo amezipata mwaka huu, lakini amezichuma pamoja na za kesho.

Wako wasemao: “Mchumaji hulipwa kwa kipimo, na karafuu haimngoji mtu. Ua likifunguka, thamani yake hupungua. Basi ni lazima kufanya haraka.” Maneno hayo ni kweli, wala haifai kuyadharau, maana mkarafuu ni mti mrefu na kazi ya kuupanda ni ya hatari. Lakini lawama haimwangukii mchumaji peke yake. Mwenye shamba atazamaye kipimo tu, asitazame matawi yaliyolala chini ya mti, amefundisha kuvunja. Na ampe mchumaji ngazi, kamba imara ya kujifungia, na ngoe ya kulivuta tawi taratibu. Tena amlipe kwa haki yule achumaye vizuri. Naye mchumaji na akikate kishada juu ya majani mawili ya mwisho, aliache tawi lirudi mahali pake.

Kupoteza mikarafuu si jambo la kukisia tu. Mwezi wa Aprili, mwaka 1872, tufani kuu iliipiga Unguja ikaiangusha mikarafuu mingi sana. Pemba haikuumia kiasi hicho, na baada ya hapo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu. Watu wa Unguja walilazimika kupanda upya na kungoja miaka, kwa kuwa mche wa mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kutoa maua. Tufani haizuiliki, lakini mkono wa mtu waweza kuzuiwa.

Liko na jambo la pili limpasalo kila mwenye shamba. Na auchague mkarafuu mmoja wenye afya, auachie baadhi ya maua yake yawe matunda. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi ghalani kama mahindi, ikikauka, hufa. Hupandwa kitaluni ingali mbichi, katika siku chache baada ya tunda kuiva, chini ya kivuli, na kunyweshwa maji. Hasara ya karafuu hizo chache ni bei ya shamba la wajukuu.

Wazee husema, “Mchumia juani hulia kivulini.” Mithali hiyo ni njema, lakini kivuli chenyewe sharti kiwepo. Mtoto aliyejifunza kwamba karafuu ni ua, na kwamba ua hutoka nchani mwa tawi, hana udhuru tena wa kulivunja. Na akimwona mwenziwe akilivunja, na amweleze sababu.