Mwezi Usipatwe Tumelala

Alfajiri ya tarehe 28 Septemba 2015, siku chache tu baada ya Idi el Hajj, mwezi ulipatwa juu ya visiwa vyetu. Kivuli cha dunia kilianza kuumega saa 10 na dakika 7. Ilipofika saa 11 na dakika 11 ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama shaba, na ukatua ungali katika hali hiyo. Waliokuwa macho saa hizo ni wavuvi, walinzi na waendao msikitini. Wengi wengine walisimuliwa.

Tarehe 26 Juni 2029 jambo hilo litarudi kwa saa hizo hizo: mwezi utaanza kupatwa kiasi cha saa 10 na nusu alfajiri, na kufunikwa wote saa 11 na nusu. Tunalisema mapema kwa makusudi.

Mtoto wa kisiwani huijua bamvua kabla hajajua kusoma, na akina mama wa mwani huenda pwani kwa hesabu ya mwezi. Hata hivyo bado husikika kuwa mwezi ukipatwa ni nuksi, au mkubwa fulani atakufa. Dini ilikwisha kulikata shauri hilo. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa na watu wakasema limemlilia, Mtume akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, akaamrisha sala. Wanazuoni nao hawakuishia hapo. Mwaka 997 al-Biruni akiwa Kath, na Abu al-Wafa akiwa Baghdad, waliutazama mwezi ukipatwa, wakalinganisha saa zao, wakapata tofauti ya longitudo baina ya miji hiyo miwili. Hawakuwa na darubini, ilikuwa haijabuniwa.

Lilipopatwa jua Rujewa tarehe 1 Septemba 2016, ilikuwa haki kuwaonya wananchi wasilitazame kwa macho matupu. Mwezi hauna madhara hayo, na kumfungia mtoto ndani ni kumnyima somo la bure.

Tunawataka maofisa wa elimu, Unguja na Pemba, wawapelekee walimu wakuu saa hizo kwa maandishi, redio izitangaze, na maimamu washauriwe mapema, kwani sala ya kupatwa kwa mwezi itakaribiana na ya alfajiri. Barua hizo zisiwafikie walimu tarehe 27.