Eti "Ajikaze"?

Wadau, leo nimekereka na sitaficha.

Kuna rafiki yangu, mwandishi mwenzangu, hii ni wiki ya tatu hatoki ndani. Usingizi hapati, chakula hakipandi, simu hapokei. Juzi chumba cha habari nikamsikia mkubwa mmoja akisema: "Huyo anadeka. Mwambieni ajikaze, kwani nani hana shida?" Watu wakacheka. Na mimi, aibu yangu, nikanyamaza.

Sasa nasema.

Hivi mnajua kuna watu walipata sonona kwa sindano? Ndiyo, sindano! Kwa miaka mingi wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walitibiwa kwa interferoni, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na virusi. Wengi wao walianza dawa wakiwa hawana dalili yoyote ya sonona. Baada ya wiki kadhaa, hamu ya maisha ikawatoka. Je, nao walikuwa wanadeka? Walipungukiwa imani? Hapana. Kinga ikiamka humwaga kemikali zake, za jamii ile ile inayofanya kidonda kivimbe na kuwa cha moto, na ubongo hausalimiki.

Msongo wa mawazo nao una njia yake. Kodi imeisha, mshahara haujaingia, mwili unamwaga kortisoli. Kwa siku moja homoni hiyo inakusaidia. Ikimwagika miezi na miezi, inakumaliza. Kwa panya imeonekana: msongo wa muda mrefu hupunguza kuzaliwa kwa seli mpya kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na hisia. Mwaka 2003 watafiti walizuia seli hizo zisizaliwe, na dawa za sonona zikashindwa kubadili tabia za panya wale.

Nisiwadanganye, kwa binadamu ubishi bado upo. Mwaka 2018 kundi moja la wanasayansi lilisema halikuona seli changa kwenye hipokampasi ya mtu mzima. Jingine likasema zipo hadi uzeeni. Na si kila mwenye sonona kinga yake imewaka. Ugonjwa huu una milango mingi.

Lakini hakuna hata mlango mmoja unaofungwa kwa neno "jikaze". Mtu ambaye mwili wake umeelemewa na msongo, wewe unamwongezea aibu, yaani msongo juu ya msongo. Halafu unajiita mshauri!

Kesho asubuhi nampitia, tunakwenda wote hospitali. Wanaotaka kumwombea wamwombee, sikatai. Ila daktari atamwona.

Na wewe unayesoma hapa, yule wa kwenu aliyejifungia chumbani, mara ya mwisho ulimwambia nini?