Bastola Isiyoonekana

Mwaka 1994 Marekani iliwakataza raia kuwa na magazini mapya yenye kubeba risasi zaidi ya 10. Nia ilikuwa njema. Lakini watengenezaji nao wakapiga hesabu: ikiwa risasi ni 10 tu, bastola iwe kubwa ya nini? Mwaka 1995 ikatokea Glock 26 ya Austria, yenye urefu wa sentimita 16 hivi, inayojipakia yenyewe na kufichika chini ya shati. Sheria ile ilikoma mwaka 2004. Bastola hiyo ingali yauzwa. Hatuwadharau walioinunua kwa hofu, kwani wengine wamevamiwa kweli. Twaikataa kwa sababu imefichwa: upanga kiunoni humwonya mtu akae mbali, bali hii humfanya kila jirani ashukiwe, hata yule aketiye nasi benchi moja.